Mteja Mwaminifu wa Miaka Tisa

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Milimita, na jina hilo halimuudhi hata chembe. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Ukimuuliza mlango wa jikoni uwe na upana gani, anakujibu mia tisa. Ukithubutu kusema "mia tisa na kitu", anavua miwani na kukukazia macho kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Kitu ni nini? Kitu kina urefu gani? Ndivyo alivyozaliwa, na mimi niliyemfuata tumboni nimepimwa na kukosolewa tangu nijifunze kutambaa.

Nina duka la kutoa kopi, kuchapa barua na kuweka programu kwenye kompyuta za watu. Jina langu la mtaani mtalikisia wenyewe: Mama Kopi. Duka langu na chumba chake cha kazi vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Upande wangu mashine zinaguna kutwa na wateja wanagombania stepla. Upande wake ni kimya, utasikia tu kipanya kikibofya na mara moja moja yeye mwenyewe akijisemesha namba. Nikipiga chafya ananipa pole kutoka kule kule bila kusimamisha kazi.

Kuna jambo moja lazima mlijue kuhusu Milimita, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Hasemi uongo. Sisemi kwamba ni mtakatifu. Ana hasira, ni mbishi, na chumvi ikizidi kwenye chakula nyumba nzima itajua. Lakini uongo hana, hata ule mdogo wa kuwafanya watu wapite salama. Siku ya harusi ya binamu yetu, bibi harusi alimuuliza kwa furaha zake tu, "Kaka, gauni limenikaaje?" Akajibu, "Bega la kushoto limeshuka." Picha zote za harusi ile bibi harusi kajishika bega. Kazi ya kuajiriwa nayo ilimtoka hivyo hivyo. Mkubwa wake alimpa karatasi atie sahihi kwamba ameukagua msingi wa jengo fulani. Akasema hajaukagua. Wakamwambia atie tu, akasema hajaukagua. Mwisho wa mwezi alikuwa nyumbani.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita, na hapo ndipo lilipoanzia langu.

Alikaa bila kazi miezi saba. Yeye alizoea kuchora kwa mkono, kwa wino na karatasi kubwa za kukunja, na wateja walikuwa hawazitaki tena. Ofisi ya vibali yenyewe ilizikunjia uso. Siku moja mke wake alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia.

"Wifi, anapima meza," alisema. "Kila siku anapima meza ile ile ya kulia. Anaandika, kesho anaipima tena."

Roho iliniuma. Nikamnunulia kompyuta iliyotumika, na hiyo kweli niliinunua. Programu ya kuchorea sikuinunua. Bei yake halali nilipoiona nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana ilizidi kompyuta, meza, kiti na mimi mwenyewe tukijumlishwa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiuza diski barabarani, kazipanga ndani ya mwavuli uliogeuzwa, programu za dunia nzima. Nikachukua moja, nikaiweka, ikafunguka. Chini ya kioo ikaandika namba ya leseni kama programu ya mtu na heshima zake.

Milimita akakaa, akakishika kipanya kama mtu anayeokota yai. Kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, hii umeinunua?"

Nilijua nikisema hapana atainuka palepale na kurudi kwenye meza yake ya kulia.

"Nimeinunua, Kaka."

Basi, ni hivyo tu. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameijua programu kuliko walioitengeneza, na wateja wakaanza kurudi. Nilimpa sharti moja, asiiunganishe kompyuta ile na intaneti. Nilimwambia ni kwa sababu ya virusi, naye akaliziba tundu la waya kwa utepe wa gundi, tabaka mbili. Na kila aliyekutana naye alimweleza habari zangu: huyu mdogo wangu ndiye aliyeniokoa, alininunulia programu. Aliponisifu nilitazama chini, watu wakadhani ni unyenyekevu. Na niseme yote, maana nimeshaanza. Diski ile haikuishia kwake. Wachora ramani wa mji huu karibu wote niliwawekea mimi, kwa bei ya soda mbili.

Kuna watu wanatumia vitu vya wizi maisha yao yote, raha mustarehe, hakuna anayewagusa. Sisi tulikamatwa kwa sababu ya ngazi.

Alikuwa anamchorea mama mmoja nyumba ya ghorofa. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita elfu tatu, vidato kumi na saba. Programu ikagawanya, ikaandika kila kidato mia moja sabini na sita. Milimita akajumlisha kwa kalamu, kama anavyojumlisha kila kitu kilichojumlishwa tayari. Akapata elfu mbili mia tisa tisini na mbili. Mchoraji mwingine angezifukia milimita nane kwenye zege na maisha yakaendelea. Yeye aliugonga ukuta wa mbao kwa ngumi.

"Nane zimepotea!"

"Zitaonekana tu," nilimjibu. Nilikuwa na foleni ya watu.

Jumatatu yake alikuja upande wangu akitabasamu, kitu ambacho hakifanyi kabla ya saa nne asubuhi, akaniambia kwamba ameshawaandikia.

"Umewaandikia akina nani?"

"Wenye programu. Kampuni yenyewe. Nimetumia simu yangu." Akaniangalia kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Mteja akiona kasoro si anatakiwa aseme?"

Akanisomea. Barua ile nitaikumbuka hadi nazikwa. "Waheshimiwa, mimi ni mteja wenu mwaminifu wa miaka tisa. Nimeridhika sana na programu yenu, isipokuwa upande wa ngazi." Akaeleza zile milimita nane kwa mchoro na mishale. Akawapa pole kwa usumbufu. Akaweka jina lake kamili, anwani, namba ya simu, na picha ya kioo cha kompyuta ambayo namba ya leseni ilisomeka vizuri kabisa, kwa sababu alikuwa amefuta vumbi kwanza.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba namba ile ilikuwa imetumika kwenye kompyuta elfu kadhaa duniani. Katika watu wote hao, aliyewahi kuandika kulalamikia huduma ni mmoja.

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Siku ile nilimtolea mtu kopi za vyeti vyake vya shule upande wa nyuma, kurasa kumi na mbili nyeupe pe, na nikazibana kwa stepla.

Jibu lilichukua wiki tano, na wiki zote hizo kila pikipiki iliposimama nje nilichungulia mlangoni. Milimita alisubiri kwa hamu. "Labda watanishukuru," alikuwa akisema. Barua ilipofika haikutoka kwa kampuni, ilitoka kwa wakili wake wa hapa mjini. Akaifungua kwa rula ili asiichane bahasha. Ilisema kwamba anatumia nakala isiyo halali. Ilimpa siku kumi na nne afike ofisini kutoa maelezo, la sivyo ashtakiwe mahakamani kwa jina lake. Na mwisho kabisa kulikuwa na aya fupi: anayeweza kuonyesha kwamba aliuziwa au alipewa na mtu mwingine bila kujua, na akamtaja mtu huyo, ataondolewa kwenye madai, na kampuni itamfuata aliyesambaza.

Aliyesambaza. Huyo ni mimi.

Milimita wala hakustuka. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile.

"Wamechanganya mafaili," alisema. "Tutawapelekea risiti. Ya programu unayo wapi?"

"Ipo," nilisema. "Nitaitafuta."

Kuanzia hapo sikukaa mahali pamoja. Nilifunga duka, nikafungua, nikafunga. Usingizi nilikuwa naupata kwa kuviziana. Na lililonichoma zaidi ni kwamba Milimita, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye barua, alikuwa anaitetea kampuni.

"Wana haki," aliniambia siku ya tatu, akinywa chai kwenye kaunta yangu.

"Haki gani, Kaka? Kampuni kubwa namna ile imshtaki mtu mmoja mwenye kompyuta kuukuu? Hawaoni haya?"

"Haya ya nini? Kitu si chao?"

"Kitu bado wanacho! Mtu akichukua kopi, chao kimebaki pale pale. Si kama amebeba kiti cha mtu."

Akaweka kikombe chini. Nikajua nimekanyaga pabaya.

"Na yule fundi mwashi?"

Yule fundi alichukua ramani moja ya Milimita, akaijengea nyumba kumi na moja. Na hakuchukua ile iliyokamilika, alichukua ya majaribio, ambayo mlango wa bafu ukifunguka unagonga sinki. Milimita alishaurekebisha kwenye ramani ya mwisho. Lakini hadi leo kuna familia kumi na moja mjini hapa zinazogonga sinki kila asubuhi, na yeye akipita karibu na nyumba hizo anageuza uso. Mashine iliyotoa kopi ile mnajua ni ya nani. Sikuuliza ya nini, nililipwa nikatoa.

"Ramani yangu nilibaki nayo, sivyo?" alisema. "Sikubebewa kiti. Mbona niliumia? Ningekuwa na wakili ningemshtaki yeye, na kila aliyemlipa."

"Yule anakujua, amekula kwako. Hawa hata mji wetu hawaujui. Wangeuza kwa bei ya watu kama sisi, nani angehangaika na diski za barabarani?"

"Bei ya watu kama sisi?" Alinishangaa kwa dhati. "Wewe si ulinunua?"

Nikaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

Hadi leo naamini sehemu kubwa ya nilichosema. Kumchomoa mtu mmoja kati ya maelfu na kumtisha ili wengine waogope, hiyo siiti haki, naiita kutafuta wa kuchapwa mbele ya darasa. Wangekuja kwa wanaouza, wangekuja kwangu, ningesema sawa. Lakini kila nilipofungua mdomo kulisema hilo nilijisikia sauti yangu, na ilikuwa sauti ya mwizi anayejitetea. Nilijichukia. Nilimchukia na yeye kidogo, kwa unyoofu wake ule usio na huruma.

Siku ya tano akaja na maboksi matupu.

"Risiti hazipotei," alisema. "Zinakosa mpangilio."

Alinifungia duka alasiri mbili. Makaratasi yangu ya miaka tisa aliyamwaga sakafuni, akapiga magoti kati yake, akayapanga kwa mwaka, halafu kwa mwezi, halafu, kwa sababu ni yeye, kwa ukubwa. Mimi nilikuwa namsogezea tu. Alikuta kadi ya chanjo ya mwanangu. Alikuta barua ya mapenzi ya mtu fulani, akaigeuza kifudifudi bila kuisoma. Alasiri ya pili akapiga kelele, "Hii hapa!" Nikadhani nimerukwa na akili. Alikuwa ameshika karatasi juu kwenye mwanga, macho yanang'aa. Kisha akaisoma taratibu, mabega yakashuka. Ilikuwa ni risiti ya kompyuta peke yake.

"Si kitu," alisema, akifuta vumbi kwenye magoti. "Tunakaribia."

Nikamsogezea rundo lililofuata.

Siku ya tisa nikaitengeneza. Nina mashine, nina mihuri ya tarehe inayorudi nyuma miaka yote utakayo, na nimeona risiti nyingi kuliko mkaguzi yeyote. Nikabuni duka, nikabuni namba, nikaipitisha karatasi kwenye maji ya chai nikaianika juu ya mashine yenye joto. Ilitoka nzuri mno, hata mimi mwenyewe niliiamini kwa dakika moja. Halafu nikamwona akilini Milimita amesimama mbele ya wakili, kaishika kwa ncha za vidole, anasema "hii hapa" kwa sauti yake ile ya mtu asiye na shaka. Wanapiga simu kwenye duka ambalo halijawahi kuwepo. Na aliyeshika karatasi ya kughushi ni yeye. Niliichana, nikaivutia maji chooni, na kipande kimoja kilielea pale hadi nikamwaga ndoo tatu.

Siku ya kumi na tatu nilikwenda kwao jioni. Yeye alikuwa kwa kinyozi. Wifi alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe la kuendea kwa wakili.

"Wifi," alisema bila kuinua macho, "hebu niambie mimi. Hiyo risiti ipo?"

"Haipo."

Akageuza kola, akaipiga upande wa pili.

"Nilijua tangu mwaka ule ule. Bei yake niliiona gazetini."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa ameacha kupima meza." Akaisimamisha pasi, sasa akanitazama. "Lakini mwambie kabla hajaingia mule ndani, wifi. Asije akaambiwa na mgeni."

Asubuhi yake tulitoka pamoja, yeye na shati lake na mimi na mkoba wangu. Nilijaribu kwenye kona ya kwanza, nikasema jua limewahi. Nilijaribu tulipokuwa tunasubiri magari yapite, nikamuuliza kama amefunga dirisha. Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Akaanza kupanda akihesabu vidato kwa sauti ya chini. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu nikamshika mkono wa shati.

"Kaka, sikuinunua."

Akasimama.

"Ilikuwa ya barabarani. Diski. Sikuwahi kuinunua, na hakuna risiti."

Mtu mmoja alipita akishuka, tukampisha. Milimita alikuwa ameshika reli, anatazama mbele kama anayesoma kitu ukutani.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema umeinunua."

"Nilisema."

Kisha akauliza, polepole, "Na yale maboksi? Siku mbili nilipiga magoti pale."

Hapo machozi yakanitoka. Nikamwambia anitaje. Nilimwambia hivyo, Kaka nitaje, ukweli ndio huo, wewe hukujua, watakuachia. Nilisema kwa mdomo. Rohoni nilikuwa naomba asinitaje, na nilijua kuomba kwangu ni bure, maana mtu huyu akiulizwa hujibu, na akijibu hujibu lililo. Nilishajiona nimekaa mbele ya hakimu na wachora ramani wa mji mzima wamepangwa upande wa mashahidi.

Alifuta miwani kwa ncha ya tai, akaivaa, akaendelea kupanda. Hesabu ya vidato hakuirudia.

Wakili alikuwa binti mdogo mwenye mafua, boksi la tishu mkononi, mpole kuliko nilivyotaka awe. Alituonyesha viti. Mezani alikuwa na barua ya Milimita imechapwa, na mchoro wa ngazi na mishale yake.

"Mzee wangu, nikwambie ukweli," alisema, "katika kesi zote hizi sijawahi kuletewa barua nzuri kama hii."

"Ahsante, mwanangu," alisema Milimita.

"Ndiyo maana sitaki kukupeleka mahakamani. Anayejificha haandiki hivi. Wewe ulidanganywa." Akapenga kamasi, akaomba radhi. "Namba hii iko kwenye kompyuta nyingi za mji huu. Kuna mtu mmoja anayeziweka, na kampuni inamtaka huyo. Nitajie aliyekuwekea, utie sahihi, urudi kwenye kazi zako. Ni nani?"

Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Kwake nilikuwa tu ndugu aliyemsindikiza mzee.

Milimita alitazama meza. Alitazama muda mrefu hadi yule binti akamsogezea maji. Nikayaona masikio yake yanaanza kuwa mekundu, kuanzia chini.

"Hakuna mtu," alisema. "Nilinunua mwenyewe. Diski. Barabarani."

"Bila kujua kwamba ni ya wizi?"

"Nikijua."

"Mzee, mtu anayejua anatumia ya wizi ataiandikia kampuni kulalamika?"

"Nilijisahau."

Sijapata kusikia uongo mbaya namna ile. Mtoto wa miaka minne angeusema vizuri zaidi. Yule binti aliweka kalamu chini.

"Na hawa wachoraji wengine?"

"Niliwapa mimi."

"Wakili," nilisema, "huyu..." Chini ya meza kiatu chake kikanikanyaga mguu, kwa nguvu, kikabaki pale pale. Nikafunga mdomo. Msidhani alinizuia. Mguu si mdomo, na hata angenigonga kwa nyundo ningeweza bado kusema. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kunyamaza. Nilisikia mwili mzima unalegea kwa faraja, na faraja ile ndiyo inayonifanya hadi leo nisipende kujitazama kwenye kioo.

Yule binti alijaribu mara mbili zaidi, kisha akaanza kuandika. Kompyuta itachukuliwa alasiri ile ile. Programu hiyo hataigusa tena. Atalipa fidia kidogo kidogo, na jina lake litatoka gazetini na tangazo la kuomba radhi, kwamba alikuwa anatumia na kusambaza nakala za wizi. Akamsomea yote, neno kwa neno, kisha akamuuliza kama inavyotakiwa kuulizwa, "Maelezo haya ni ya kweli?"

"Ni ya kweli," alisema Milimita, akatia sahihi.

Tuliposhuka alikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya jengo, chini ya dirisha la duka la viatu. Nikakaa karibu yake, kisha nikasogea mbali kidogo.

"Kaka..."

"Usinishukuru," alisema. "Na usiniombe radhi. Sitaki kusikia yote mawili."

Tukatazama watu wanaopita. Nilitamani anitukane. Nilitamani anizabe kibao pale mbele za watu, ningeona nafuu. Simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya yule mama wa nyumba ya ghorofa. Niliisikia kutoka pale nilipokaa, anauliza ramani yake imefikia wapi, mafundi wanamsubiri. Ngazi hazikuwa zimekamilika, na saa chache zijazo hata kompyuta yenyewe isingekuwepo.

"Imekwisha, mama," alisema Milimita. "Imebaki kuchapwa tu. Kesho asubuhi nakuletea mwenyewe."

Sauti haikukwama popote. Masikio safari hii hayakuwa mekundu. Yule mama alicheka kwa furaha, akamwambia Mungu ambariki, naye akaitikia amina, akarudisha simu mfukoni bila kuniangalia. Ningetoa duka, mashine na mikono yangu miwili ili awe tena mtu aliyeamka asubuhi ile kuvaa shati jeupe. Na wala sikuhitaji kutoa vyote hivyo. Wakili alikuwa juu yetu, ghorofa ya tatu, hata chakula cha mchana alikuwa hajaenda kula, na nilichotakiwa ni kupanda na kusema sentensi moja.

Sikuinuka.